Njano isiyo ya kimeng'enya: niliyojifunza nikishikiza lipasi kwenye kauri iliyochapishwa

Kwa miaka mitatu hivi kazi yangu ya kila siku imekuwa kuchapisha viunzi vidogo vya kauri kwa printa ya pande tatu, kuvipaka utando, kushikiza kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko wa kemia) juu yake, kisha kupitisha kimiminika ndani yake mfululizo ili mmenyuko ufanyike njiani badala ya kufanyika kwenye chupa inayokorogwa. Kueleza kusudi la kazi hii si vigumu. Kimeng'enya kilichoyeyushwa hutumika mara moja, kisha hutupwa au humsumbua mtu kukitenganisha na zao, ilhali kilichoshikizwa hubaki mahali pake, malighafi ikiingia upande mmoja na zao likitoka upande wa pili saa baada ya saa. Viwandani jambo hili si geni: kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza mwaka 1969 kutengeneza asidi amino kwa aminoasilasi iliyoshikizwa. Kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba umbo ninalolichapisha na mahali kimeng'enya kinapokaa ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwamba karibu kila mara nilipoandika kwenye daftari kuwa kimeng'enya kimekufa, kimeng'enya hakikuwa na kosa lolote.

Nilianza na alumina, kauri ya oksidi ya alumini, kwa sababu haiyeyuki wala haivimbi katika viyeyusho tunavyovitumia, na hustahimili joto kubwa kuliko plastiki yoyote. Unga wake huchanganywa na resini inayogandishwa na mwanga, printa ikajenga kiunzi tabaka kwa tabaka, kisha resini huchomwa polepole na mwishowe kauri huokwa karibu nyuzi 1,600 za Selsiasi hadi chembe zishikamane. Kiunzi changu cha kwanza kilitoka kwenye printa kikiwa kizuri ajabu. Nilikichoma kwa kuongeza nyuzi 2 kila dakika, kwa haraka ya mtu anayetaka matokeo kabla ya wiki kuisha, na asubuhi nilipofungua tanuri nilikuta tabaka zimeachana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa mvua. Resini ilipogeuka gesi ilikosa njia ya kutokea, ikajipasulia yenyewe. Siku hizi kati ya nyuzi 200 na 450 naongeza nyuzi 0.2 tu kwa dakika, yaani saa 21 kwa hatua hiyo peke yake, na sijapata tena mpasuko wa namna ile. Sina la ziada la kusema kuhusu uchomaji, isipokuwa kwamba tanuri halibembelezwi.

Umbo nililolichagua ni lile liitwalo jairoidi, ambalo Alan Schoen wa NASA alilieleza mwaka 1970: uso mmoja unaojipinda kila upande bila kukatika, ukigawa nafasi katika njia mbili zinazozungukana bila kukutana. Watu wengi wa kazi hii hulipenda kwa sababu kimiminika hupita humo kikigeuzwa mwelekeo kila mara, tena bila kuhitaji shinikizo kubwa kama lile la safu iliyoshindiliwa chembe ndogo. Mimi nililipenda kwa sababu hiyo, na, nikiri, kwa sababu picha zake zinapendeza kwenye ripoti. Kupendeza huko kuliniponza.

Kiunzi kilikuwa silinda yenye urefu wa milimita 50 na kipenyo cha milimita 9.4, njia zake zikiwa na upana wa takriban milimita 0.4. Nilikiweka kwenye mililita 20 za lipasi B (kimeng'enya kinachovunja mafuta) ya hamira Candida antarctica, miligramu 1 kwa kila mililita, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi nilipima protini iliyobaki kwenye kimiminika kwa njia ya Bradford, ile ya rangi ya bluu isomwayo kwenye nanometa 595, nikakuta imepungua miligramu 1. Nikaandika kwa furaha kwamba kiunzi kimeshika miligramu 1 ya kimeng'enya. Nilipoendesha mmenyuko, karibu hakuna kilichotokea. Nikaandika tena, safari hii kwa huzuni, kwamba kimeng'enya kimekufa wakati wa kushikizwa.

Hesabu ambayo ingenipa jibu ilikuwa ya dakika tano, nami sikuifanya mpaka baada ya miezi miwili. Lipasi hii ina uzito wa kama daltoni 33,000 na vipimo vya karibu nanometa 3 kwa 4 kwa 5, kwa hiyo molekuli moja ikilala juu ya uso hufunika hadi nanometa za mraba 20. Ukizipanga molekuli ubavu kwa ubavu katika tabaka moja, mita moja ya mraba hubeba takriban miligramu 2.7. Jairoidi yangu, pamoja na mikunjo yake yote, ilikuwa na uso wa sentimita za mraba 200 hivi, ambazo ni mita za mraba 0.02. Ina maana kwamba hata kila kitu kingekwenda sawasawa, kiunzi kile kisingebeba zaidi ya miligramu 0.05 za kimeng'enya. Ile miligramu 1 niliyoishangilia ilikuwa kosa la vipimo vyangu, pamoja na protini iliyojibandika kwenye kuta za chombo. Nilikuwa natoa namba moja kubwa kutoka nyingine kubwa, halafu naiamini tofauti ndogo iliyobaki.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kauri iliyookwa hadi kukomaa ni laini mno kwa macho ya kimeng'enya. Njia ya milimita 0.4 kwake ni kama uwanja mpana usio na nyumba hata moja. Umbo tunalolichapisha ni kwa ajili ya kimiminika. Makazi ya kimeng'enya ni vitundu vya nanometa kadhaa, na vitundu hivyo havitoki kwenye printa ya aina niliyonayo. Vinatoka kwenye utando unaopakwa baadaye.

Nilianza kuchovya viunzi kwenye uji wa bohemaiti (madini ya alumini yenye maji ndani yake), kupuliza ziada kwa hewa ili njia zisizibe, kukausha, kisha kuchoma kwa nyuzi 550 ili bohemaiti igeuke alumina ya aina ya gama. Kiunzi kimoja kilipokea utando wa gramu 0.2 hivi. Utando wa namna hii huwa na uso wa kama mita za mraba 200 kwa gramu, kwa hiyo ghafla nilikuwa na mita za mraba 40 mahali palipokuwa na 0.02. Kwa hesabu ile ile, nafasi ilikuwepo ya zaidi ya miligramu 100. Nilipata 6.

Sababu ilikuwa upana wa vitundu. Vingi vilikuwa vya nanometa 5 au pungufu, na kitu chenye urefu wa nanometa 5 hakiingii kwa raha kwenye tundu la nanometa 5. Molekuli za kwanza husimama mlangoni na kuwafungia wenzao. Mita za mraba ambazo gesi ya naitrojeni huzifikia wakati wa kupima uso si zile ambazo protini huzifikia, na mtu akinionyesha leo namba ya uso bila kuniambia upana wa vitundu, huwa siisikilizi. Nilipandisha joto la kuchomea utando hadi kuta za vitundu zikaungana na vitundu vyenyewe kupanuka kupita nanometa 10. Uso ulishuka hadi nusu, lakini kimeng'enya kilichoshikwa kilipanda hadi miligramu 17. Kupoteza nusu ya uso ili kupata karibu mara tatu ya kimeng'enya ni biashara ambayo ningeifanya kila siku.

Baada ya kupata pa kukiweka, ilibaki kukifunga. Njia yangu ni ya kawaida: alumina hupewa silani (molekuli ya silikoni inayoshika uso wa kauri) yenye kundi la amino ndani ya tolueni kavu, kisha glutaraldehidi, ambayo ncha yake moja hushika amino ya kiunzi na nyingine hushika amino za lisini, asidi amino zilizo juu ya kimeng'enya. Kila hatua ina mtego wake. Tolueni ikiwa na unyevu, silani hujishika yenyewe na kufanya madonge meupe yanayoziba vitundu vile vile nilivyohangaika kuvipanua. Glutaraldehidi iliyokaa muda mrefu kabatini hujiunga yenyewe kwa yenyewe na tabia yake hubadilika. Lakini mtego ulionigharimu zaidi ulikuwa wa kijinga kuliko yote hiyo: kwa wiki tatu nilitumia bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya Tris. Tris ni amini, yaani nayo ina kundi la amino. Molekuli yake ni ndogo, imejaa kwenye kimiminika, na hukimbilia aldehidi, yaani ncha za glutaraldehidi, kabla protini kubwa na nzito haijafika. Nilikuwa nimewaalika wageni, kisha nikajaza viti vyote mwenyewe. Chupa ya Tris ilikuwa mezani kwa sababu mtu aliyesafisha kimeng'enya aliitumia, nami sikuwahi kujiuliza imo kwa kazi gani. Tangu hapo kila kimeng'enya kinachokuja kwangu hupitishwa kwanza kwenye dialisisi (mfuko unaoachia molekuli ndogo na kubakiza protini) dhidi ya bafa ya fosfeti, hata kama kibandiko cha chupa kinaniapia kwamba ni safi.

Fosfeti nayo ina siri yake juu ya alumina, kwa kuwa huishika kwa nguvu. Mwanzoni nilidhani hilo ni kero, kumbe lilikuja kunisaidia. Alumina katika pH 7 hubeba chaji chanya, na protini nyingi zenye chaji hasi hujibandika juu yake bila kifungo chochote cha kovalenti, kile imara cha kemia. Ukiosha kwa maji matupu, protini hiyo haitoki, na unaihesabu kuwa imefungwa. Ukianza kuendesha kinu, yaani kiunzi ndani ya bomba lake, kwa bafa yenye fosfeti, inaondoka kidogo kidogo kwa siku mbili, nawe unaandika tena kwamba kimeng'enya kinakufa. Siku hizi kabla ya kuhesabu chochote naosha kiunzi kwa fosfeti, kisha kwa chumvi ya mola 1, kisha kwa fosfeti tena, na kila maji ya kuoshea napima protini yake. Jumla ya kilichooshwa, kilichobaki kwenye chombo na kilichoshikwa lazima ikaribie kile nilichokiweka mwanzo. Isipokaribia, siendelei. Hapa niseme pia kwamba si kila kazi inahitaji kufunga kwa kovalenti. Nelson na Griffin waliona tangu mwaka 1916 kwamba inivatesi, kimeng'enya cha kuvunja sukari, iliyojibandika tu kwenye makaa iliendelea kufanya kazi, na kwa yeyote anayeendesha lipasi katika kiyeyusho kisicho na maji, ambamo protini haiyeyuki, kujibandika kunaweza kumtosha kabisa na kumwokolea wiki nzima ya silani. Mimi naendesha ndani ya maji, kwa hiyo sina hiari.

Sasa nifike kwenye njano. Kupima kazi ya lipasi natumia p-nitrofenili butireti, esta isiyo na rangi ambayo ikivunjwa hutoa p-nitrofenoli, na hii huonekana ya njano na kusomwa kwenye nanometa 405. Ni kipimo cha haraka, na kila aliyewahi kukitumia anajua utamu wa kuona njano ya kwanza ikitambaa kwenye bomba jembamba la plastiki kutoka kwenye kinu. Viunzi vyangu vyenye utando vilipofanya kazi kwa mara ya kwanza njano ilikuwa kali kwa saa moja, ikafifia saa ya pili na ya tatu, kisha ikatulia kwenye kiwango cha chini. Nilichora mstari wa kushuka na kukokotoa muda ambao nusu ya kimeng'enya hufa. Nilijaribu pH nyingine, nikajaribu joto la chini, nikaongeza gliseroli, na mstari ukabaki kushuka kwa namna ile ile.

Siku moja, kwa sababu ya uvivu zaidi kuliko busara, nilifunga kwenye pampu kiunzi kilichopewa silani tu, kisicho na glutaraldehidi wala kimeng'enya, ili nijaribu kama viungio vya bomba vinavuja. Sikuwa na bafa tupu karibu, nikatumia ile yenye malighafi. Dakika chache baadaye njano ilitoka, nzuri, kali, kutoka kwenye kinu kisicho na kimeng'enya hata kimoja. Nilidhani nimechanganya viunzi. Nikasoma namba iliyokwaruzwa ubavuni, nikakuta sijachanganya. Maelezo yake ni ya kemia ya mwaka wa kwanza: esta za p-nitrofenoli ni nyepesi kuvunjwa na amini yoyote ya msingi, na utando wangu ulikuwa umejaa amini za silani. Kila amini ilishika kundi moja la butirili kutoka kwenye esta, ikatoa p-nitrofenoli moja, ikawa imemaliza kazi yake. Zilipokwisha, njano ikaisha. Amini zilizobakia bila kushikwa na glutaraldehidi kwenye viunzi vyenye kimeng'enya zilifanya hivyo hivyo, na ule mstari wa kushuka nilioufanyia mahesabu kwa majuma ulikuwa mstari wa amini zikijaa. Kimeng'enya kilikuwa kile kiwango cha chini kilichotulia, kikifanya kazi yake bila kelele.

Kuanzia siku ile hakuna kiunzi chenye kimeng'enya kinachoendeshwa bila pacha wake asiye na kimeng'enya kupitia hatua zote zilezile na kufungwa sambamba kwenye pampu ya pili. Ni gharama mara mbili ya kauri na ya muda. Ni lazima pia kuandaa malighafi upya kila siku, kwa kuwa esta hii huvunjika polepole ndani ya maji hata ikiachwa peke yake, na kuangalia pH ya kinachotoka, kwa sababu asidi inayozalishwa ikishusha pH chini ya 7 njano hupungua ingawa p-nitrofenoli ni ile ile.

Upande wa mtiririko ulikuwa na udanganyifu wake. Kauri husinyaa inapookwa. Yangu hupungua kama asilimia 20 kwa kila upande, kwa hiyo mchoro hukuzwa mara 1.25 kabla ya kuchapishwa, na bado wima na mlalo havisinyai sawasawa. Bomba nililokiweka kiunzi lilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 10, na pengo la milimita 0.3 kuzunguka silinda halikunitia wasiwasi. Ndani ya kinu kizima palikuwa na nafasi ya mililita 2.5 hivi, na kwa mwendo wa mililita 0.5 kwa dakika kimiminika kilipaswa kukaa humo dakika 5. Nilipodunga tone la rangi mlangoni na kusoma inapotoka, rangi ya kwanza ilionekana kabla ya dakika 2. Pengo lile lilikuwa asilimia 12 tu ya eneo la bomba, lakini halina kona wala kizuizi, na maji hayana sababu ya kuzunguka ndani ya jairoidi yangu nzuri ikiwa kuna barabara iliyonyooka pembeni. Sasa kila kiunzi huvishwa mfuko wa plastiki ya florini unaosinyaa kwa joto, baada ya utando kuchomwa na kabla ya silani, kwa sababu joto la kuusinyaza lingeua kimeng'enya papo hapo.

Kipimo kingine ninachokithamini ni cha kufunga viunzi viwili mfululizo na kuongeza mwendo mara mbili. Muda wa kukaa ndani haubadiliki, kwa hiyo kama kimeng'enya ndicho kinachoweka kikomo, matokeo yanapaswa kuwa yale yale. Kwangu yalipanda. Malighafi ilikuwa inachelewa kufika ukutani, na kasi kubwa iliisaidia kufika. Nilikuwa nimeshapanga kununua kimeng'enya cha aina nyingine chenye kasi zaidi, ambacho kingebaki kikisubiri malighafi ile ile iliyochelewa.

Jaribio refu nililolifanya hadi sasa lilikusudiwa kuchukua siku 21. Siku ya tisa kazi ilishuka na shinikizo likapanda. Kalamu ilikuwa tayari mkononi kuandika sentensi yangu ya siku zote, lakini nilishika kwanza bomba la kuingilia, nikahisi utelezi ndani yake: bakteria walikuwa wameota kwenye bafa ya fosfeti iliyokaa joto la chumba, na ute wao ulikuwa umeziba nusu ya mlango wa kiunzi. Niliweka kichujio cha mikrometa 0.2 na kubadilisha bafa kila siku. Kiunzi kilirejea karibu na kiwango chake cha siku ya nane na kubaki hapo hadi mwisho. Kimiminika kilichotoka siku ya mwisho nilikiacha mezani usiku kucha kando ya kile cha pacha wake, na asubuhi njano ya vyote viwili ilikuwa imeongezeka kwa kiasi kile kile kidogo, maana yake hakuna kimeng'enya kilichovuja.

Jaribio lilipokwisha nilikata mfuko wa plastiki, nikarudisha kauri kwenye tanuri la nyuzi 550, na kila kitu cha kaboni kikateketea, kimeng'enya, silani na ute pamoja. Ni faida ambayo wenye vishikizi vya plastiki hawana. Kiunzi namba 7 kimekwisha kuchomwa hivyo mara nne, na kila mara kikitoka huwa kizito kwa miligramu 5 hivi kuliko kilivyokuwa, kwa sababu silikoni ya silani haiteketei. Hubaki juu ya utando ikiwa silika. Namba hizo nimeziorodhesha kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kwani kila mzunguko wa kuchoma, kwa silika unayoiacha, utakuwa unapunguza vitundu nilivyovipanua, na nataka kuona ni mzunguko wa ngapi zile miligramu 17 zitaanza kupungua.